Vipeuo vya Pili na Desimali Zinazojirudia: Namna ya Kuitambua Namba Wiani na Namba Isiyo Wiani

Kiwanja kinachotangazwa mara nyingi pembezoni mwa Kampala, kuanzia Wakiso hadi Mukono, ni kile cha futi 50 kwa futi 100. Kiwanja hicho kimoja kinabeba namba mbili ambazo kwenye kioo cha kikokotoo hazina tofauti yoyote ya sura. Ya kwanza ni eneo lake likipimwa kwa desimali za ardhi, yaani kipimo ambacho mia moja yake hufanya eka moja. Kikokotoo cha tarakimu kumi huandika 11.47842057. Ya pili ni urefu wa ulalo wake kwa futi, kutoka kona moja hadi kona inayoikabili. Kikokotoo huandika 111.8033989. Kwa macho tu, zote mbili ni mkururo wa tarakimu usio na mpangilio. Hata hivyo ya kwanza ni namba wiani, na tarakimu zake hujirudia kwa utaratibu usiovunjika, ilhali ya pili si wiani, na tarakimu zake hazitajirudia kamwe hata ukijaza daftari zima.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari ya chini, mzazi anayemsaidia mtoto wake kazi za nyumbani, au mtu yeyote aliyesahau somo hili na sasa analihitaji. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba aina ya namba hujulikana kwa kuchunguza ilikotoka, na wala si kwa kuzikodolea macho tarakimu zake. Utahitaji kalamu na karatasi. Kikokotoo kitakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: kuelewana kuhusu maana

Namba wiani ni namba yoyote inayoweza kuandikwa kama sehemu a/b, ambapo a na b ni namba kamili na b si sifuri. Namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Kwa hiyo 7 ni namba wiani kwa kuwa ni 7/1, sifuri ni namba wiani, −3 ni namba wiani, na 0.35 ni namba wiani kwa kuwa ni 35/100. Namba isiyo wiani ni namba halisi ambayo haiwezi kuandikwa hivyo kwa namba kamili zozote zile.

Neno la kuzingatia hapo ni "haiwezi". Kutoipata sehemu baada ya kujaribu kwa muda mrefu hakuthibitishi chochote, kwa maana huenda sehemu ipo na asili yake ni kubwa mno. Ndiyo maana namba isiyo wiani hudai uthibitisho, na uthibitisho huo utakuja katika hatua ya sita.

Kuhusu maandishi: darasani kundi la tarakimu linalojirudia huwekewa nukta au mstari juu yake. Hapa nitatumia mabano, hivi kwamba 0.(3) ni 0.3333… na 0.41(6) ni 0.41666….

Hatua ya pili: gawanya, na macho yako yawe kwenye baki

Chukua eka moja, yaani desimali 100 za ardhi, inayogawanywa sawasawa kwa ndugu saba. Tunagawanya 100 kwa 7. Tunapata 14 na baki ni 2. Sasa tunaingia upande wa kulia wa nukta, na kila mara tunaongeza sifuri kwenye baki:

20 ÷ 7 = 2, baki 6
60 ÷ 7 = 8, baki 4
40 ÷ 7 = 5, baki 5
50 ÷ 7 = 7, baki 1
10 ÷ 7 = 1, baki 3
30 ÷ 7 = 4, baki 2

Baki 2 imerudi. Tulianza nayo, na kwa kuwa kazi inayofuata hutegemea baki peke yake, kila kitu kitakachotokea kuanzia hapa kimekwisha kutokea tayari. Jibu ni 14.(285714), na kila ndugu anapata desimali 14 na ushei.

Wanafunzi wengi hufundishwa kutazama tarakimu za jibu na kungoja zijirudie. Hilo ni kosa la kimbinu, kwa sababu tarakimu inaweza kutokea tena bila mzunguko kuanza upya. Kinachotoa uhakika ni baki. Ukigawanya kwa 7, baki inaweza kuwa 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6 tu. Ikitokea 0, mgawanyo umekoma na desimali ina mwisho. Isipotokea 0, umebakiwa na baki sita tu za kutumia, kwa hiyo kufikia hatua ya saba ni lazima mojawapo irudi. Hoja hiyo hiyo inafanya kazi kwa asili yoyote: ukigawanya kwa b, kundi linalojirudia haliwezi kuwa na tarakimu zaidi ya b − 1. Ndiyo sababu kila namba wiani, bila ubaguzi, ina desimali inayokoma au inayojirudia.

Sasa turudi kwenye eneo la kiwanja chetu. Eka moja ina futi za mraba 43,560, hivyo desimali moja ya ardhi ni futi za mraba 435.6. Kiwanja kina futi za mraba 5,000. Tunagawanya 5,000 kwa 435.6, ambayo ni sawa na 50,000/4,356, na tukipunguza kwa 4 tunapata 12,500/1,089. Mgawanyo unatoa 11 na baki 521. Ukiendelea kwa subira, baki 521 inarudi baada ya hatua 22, na jibu kamili ni hili:

11.(4784205693296602387511)

Kundi hilo lina tarakimu ishirini na mbili. Kikokotoo chenye kioo cha tarakimu kumi kilikukatia hata kabla ya kufika katikati ya mzunguko wa kwanza, na ndiyo maana namba hiyo ilionekana kana kwamba haina mpango.

Hatua ya tatu: tabiri kabla ya kugawanya

Si lazima ugawanye ili kujua kama desimali itakoma. Kwanza punguza sehemu hadi umbo lake rahisi kabisa. Hatua hii ndogo ndiyo huangusha watu wengi. Kisha vunja asili iwe vigawo tasa, yaani namba zinazozidi 1 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5 na 7. Ikiwa vigawo tasa ni 2 na 5 tu, au kimoja kati ya hivyo, desimali itakoma. Kikiwepo kigawo tasa kingine chochote, desimali itajirudia.

Kwa mfano, 21/60 inaonekana kama itajirudia kwa kuwa 60 ina kigawo 3. Lakini ukipunguza unapata 7/20, na 20 = 2² × 5, kwa hiyo inakoma: 0.35. Kwa upande mwingine, 5/12 haipunguziki, na 12 = 2² × 3, kwa hiyo itajirudia: 0.41(6).

Sababu yake ni kwamba tunaandika namba kwa besi ya kumi, na 10 = 2 × 5. Desimali inayokoma ni sehemu yenye asili 10, 100, 1,000 na kuendelea, na asili za namna hiyo hazina kigawo tasa kingine zaidi ya 2 na 5. Mwanafunzi wa Senior One aliyekwisha kusoma mada ya besi anaweza kulitazama jambo hili kwa upande wa pili: katika besi ya tatu, theluthi moja huandikwa 0.1 na inakoma palepale, na katika besi ya mbili, sehemu moja ya kumi huandikwa 0.0(0011) na haikomi. Kukoma au kujirudia hutegemea besi; kuwa wiani hakutegemei.

Utabiri unaweza kwenda mbali zaidi. Tarakimu zinazotangulia kabla ya kundi kuanza kujirudia ni nyingi sawa na kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 3 katika 2³) kikubwa zaidi kati ya kile cha 2 na kile cha 5 katika asili. Katika 11/28, asili ni 2² × 7, hivyo tarakimu mbili zitatangulia kabla ya kundi la tarakimu sita: 0.39(285714). Urefu wa kundi lenyewe unapatikana kwa kuondoa 2 na 5 zote kwenye asili, kisha kutafuta namba ya kwanza kati ya 9, 99, 999, 9,999 na kuendelea ambayo inagawanyika kwa kile kilichobaki. Kwa 11 ni 99, hivyo kundi lina tarakimu mbili. Kwa 37 ni 999, hivyo tarakimu tatu, na kweli 1/37 = 0.(027). Kwa 7 na 13 ni 999,999. Kwa 17 unahitaji tisa kumi na sita, kwa 19 unahitaji kumi na nane, na kwa 1,089 ya kiwanja chetu unahitaji ishirini na mbili.

Hatua ya nne: kutoka desimali inayojirudia kurudi kwenye sehemu

Hapa tunatumia aljebra nyepesi. Tuseme x = 0.(27). Kundi lina tarakimu mbili, kwa hiyo tunazidisha kwa 100:

100x = 27.(27)
x = 0.(27)

Ukitoa ya chini kutoka ya juu, mikia yote miwili isiyo na mwisho inafutana, na unabaki na 99x = 27. Kwa hiyo x = 27/99 = 3/11.

Kukiwa na tarakimu zinazotangulia, unazidisha mara mbili ili mikia ilingane. Tuseme x = 0.58(3). Zidisha kwa 100 ili nukta ifike pale kundi linapoanzia, kisha kwa 1,000 ili ivuke kundi moja:

1,000x = 583.(3)
100x = 58.(3)

Tofauti ni 900x = 525, na x = 525/900 = 7/12. Hakikisha kwa kugawanya 7 kwa 12; kazi isiyohakikishwa haijakamilika.

Njia hii haichagui. Kila desimali inayojirudia, hata kundi likiwa na tarakimu elfu moja, hugeuka sehemu kwa utoaji mmoja. Tukiunganisha na hatua ya pili, tunapata kauli inayokwenda pande zote mbili: namba ni wiani ikiwa, na ikiwa tu, desimali yake inakoma au inajirudia. Angalia kwamba "kujirudia" na "kuwa na mpango" ni mambo mawili tofauti. Desimali 0.101001000100001…, ambapo sifuri zinaongezeka moja kila mara, ina mpango ambao mtoto anaweza kuueleza, lakini hakuna kundi maalumu linalorudi, kwa hiyo si wiani.

Na 0.(9) je? Fuata hatua zile zile: 10x = 9.(9), toa x, unapata 9x = 9, na x = 1. Wanaokataa jibu hili huwa na wasiwasi unaoeleweka. Shilingi 10,000 zikigawanywa kwa watoto watatu, kila mmoja akapewa 3,333, shilingi moja inabaki, na wao wanadhani 0.(9) nayo inapungukiwa vivyo hivyo. Lakini shilingi ile ilibaki kwa sababu tulikata 3,333.(3) tukaacha mkia wake. Usipoukata mkia, hakuna kinachobaki. Namba 0.(9) na 1 ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili, kama vile 1/2 na 2/4.

Hatua ya tano: kipeuo cha pili, na jinsi ya kujua kama kitatoka kamili

Kipeuo cha pili cha namba ni ile namba chanya ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba hiyo. Ili kujua kama √n ni namba kamili, vunja n iwe vigawo tasa na utazame vipeo. Vikiwa vyote ni shufwa, gawanya kila kipeo kwa mbili na kazi imekwisha:

5,184 = 2⁶ × 3⁴, kwa hiyo √5,184 = 2³ × 3² = 72.

Ikiwa kuna kipeo witiri, toa nje kinachotoka na uache ndani kisichotoka. Ulalo wa kiwanja chetu, kwa kanuni ya Pythagoras, ni √(50² + 100²) = √12,500. Tukivunja, 12,500 = 2² × 5⁵. Vinatoka 2 na 5², na 5 moja inabaki ndani, hivyo ulalo ni 50√5. Kuna pia kipimo cha haraka kinachookoa muda: namba kamili inayoishia na 2, 3, 7 au 8 haiwezi kuwa mraba wa namba kamili, kwa hiyo √4,357 huna haja hata ya kuihangaikia.

Kwa sehemu, sheria ni kwamba baada ya kupunguza, kiasi na asili vyote viwili viwe miraba kamili. Basi √(2¼) = √(9/4) = 3/2. Desimali zigeuze kwanza ziwe sehemu, kwa maana hapa ndipo mtego mkubwa ulipo. Wengi huandika √0.9 = 0.3, wakisahau kwamba 0.3 × 0.3 ni 0.09. Namba 0.9 ni 9/10, na 10 si mraba kamili, kwa hiyo √0.9 si wiani. Ni karibu 0.9487. Vivyo hivyo √0.04 = 0.2, lakini √0.4 si wiani.

Kinyume chake ndicho kinachonifurahisha zaidi katika mada hii nzima. Mwanafunzi akiona √0.(4) huichukulia kuwa haiwezekani, kwa kuwa mkia hauna mwisho. Lakini 0.(4) = 4/9, na kipeuo chake ni 2/3, yaani 0.(6). Pia 1.(7) = 16/9, na kipeuo chake ni 4/3, yaani 1.(3). Kwa hiyo √0.4 iliyoonekana nyepesi haina sehemu, na √0.(4) iliyoonekana ngumu inayo.

Hatua ya sita: kuthibitisha kwamba √5 si wiani

Vitabu vingi huthibitisha habari ya √2 kwa hoja ya shufwa na witiri, nayo ni hoja nzuri. Mimi napendelea hoja ya kuhesabu vigawo, kwa sababu inafanya kazi kwa kipeuo chochote bila kubadilishwa.

Chukulia kwamba √5 = a/b, ambapo a na b ni namba kamili chanya. Pandisha pande zote mbili kwenye mraba na uzidishe kwa b²:

a² = 5b²

Sasa hesabu ni mara ngapi kigawo tasa 5 kinatokea kila upande. Katika a², kila 5 iliyomo ndani ya a hutokea mara mbili, kwa hiyo idadi ya 5 ni shufwa. Na ikiwa hakuna hata moja, idadi ni sifuri, ambayo nayo ni shufwa. Katika b² idadi ni shufwa kwa sababu hiyo hiyo, lakini kuna 5 moja ya ziada mbele yake, hivyo idadi ya upande wa kulia ni witiri. Pande mbili ni namba ile ile, na namba moja haiwezi kuvunjwa kwa vigawo tasa kwa njia mbili tofauti. Haiwezekani idadi ya 5 iwe shufwa na witiri kwa wakati mmoja. Kwa hiyo dhana tuliyoanza nayo ni ya uongo: hakuna a na b za namna hiyo.

Ipime hoja hii kwa namba ambayo unajua jibu lake. Ukiweka 9 mahali pa 5, unapata a² = 9b², na kigawo 3 upande wa kulia kinapata nyongeza ya mbili, si ya moja, hivyo idadi inabaki shufwa na hakuna mgongano wowote. Ndivyo inavyopaswa, kwani √9 = 3.

Kwa ulalo wa kiwanja limebaki jambo moja tu. Kama 50√5 ingekuwa wiani, basi ukiigawanya kwa 50 ungepata √5 iliyo wiani, nasi tumeona kwamba haiwezekani.

Hatua ya saba: kupata thamani ya karibu kwa mkono

Fundi anayechora msingi hawezi kuvuta tepu hadi "50√5". Anahitaji futi na inchi. Njia ninayoipendekeza iliandikwa na Heron wa Alexandria, nchini Misri, katika karne ya kwanza: kisia jibu, gawanya namba kwa kisio lako, kisha chukua wastani wa kisio na jibu la mgawanyo. Rudia.

Kwa √5 tuanze na 2. Kwa kuwa 5 ÷ 2 = 5/2, wastani wa 2 na 5/2 ni 9/4, yaani 2.25. Sasa 5 ÷ 9/4 = 20/9, na wastani wa 9/4 na 20/9 ni 161/72, yaani 2.236(1). Thamani halisi huanza 2.2360679, kwa hiyo kwa hatua mbili tu tumepata tarakimu nne sahihi. Hatua ya tatu hutoa 51,841/23,184, ambayo inalingana na √5 hadi nafasi tisa za desimali.

Tazama 161/72 kwa makini. Mraba wa 161 ni 25,921, na 5 × 72² ni 25,920. Tumekosa kwa moja tu! Uthibitisho wa hatua ya sita unasema kwamba hiyo moja haitaondoka kamwe: unaweza kupata sehemu zinazokaribia zaidi na zaidi, na kila moja kati ya hizo ni namba wiani yenye desimali inayokoma au inayojirudia, lakini hakuna itakayotua juu ya √5 yenyewe.

Kwa kazi ya kiwanja, 50 × 161/72 ni futi 111.806, wakati ulalo halisi ni futi 111.803. Tofauti haifiki milimita moja. Uzi wa fundi ukilegea kidogo tu hukosea zaidi ya hapo. Kwenye tepu ni futi 111 na inchi 9 na sehemu tano za nane. Ili kona yenyewe iwe ya pembe mraba, fundi huepuka kipeuo kwa kutumia pembetatu yenye pande 3, 4 na 5, kwa sababu 9 + 16 = 25 na kipeuo chake hutoka kamili.

Mahesabu ya namna hii ni ya kale sana. Kipo kibao cha udongo cha Babeli, chenye umri wa miaka isiyopungua 3,600, ambacho sasa kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Juu yake umechorwa mraba na milalo yake, pamoja na thamani ya √2 katika besi ya sitini: 1, kisha 24, 51 na 10. Ukiigeuza kwa besi ya kumi unapata 1.41421296, na thamani halisi huanza 1.41421356.

Hatua ya nane: zinapochanganywa

Ukijumlisha namba wiani na isiyo wiani, jibu daima si wiani. Ukizidisha namba isiyo wiani kwa namba wiani isiyo sifuri, jibu pia si wiani. Lakini zikikutana mbili zisizo wiani, usitabiri kabla ya kukokotoa: (3 + √5) + (3 − √5) = 6, na √2 × √8 = √16 = 4, ilhali √2 × √3 = √6 haitoki. Kumbuka pia kwamba kipeuo hakigawanyiki juu ya kujumlisha; √(9 + 16) ni 5, si 3 + 4.

Pai inastahili neno lake. Maswali mengi ya shuleni huagiza utumie 22/7, na kwa hiyo wanafunzi wengi huamini kwamba pai ni 22/7 na kwamba, kwa sababu hiyo, ni namba wiani. Namba 22/7 ni 3.(142857), wakati pai huanza 3.14159; zinaachana tayari kwenye nafasi ya tatu ya desimali. Uthibitisho kwamba pai si wiani ulitolewa na Johann Heinrich Lambert mwaka 1761, nao si mwepesi kama ule wa √5. Kwa tangi la maji lenye kipenyo cha mita 1.4, 22/7 hukosea mzingo kwa chini ya milimita mbili, kwa hiyo itumie bila hofu, ila usiandike alama ya usawa kati yake na pai.

Tabia hiyo ya alama ishike kila mahali. Swali likitaka jibu kamili, acha 50√5. Likitaka nafasi mbili za desimali, andika 50√5 ≈ 111.80, kwa alama ya ukaribu. Ukikata mapema na kuendelea kukokotoa, kosa hukua: ingiza 2.236067978 kwenye kikokotoo, uizidishe kwa yenyewe, na utaona 5.000000002 badala ya 5.

Mazoezi pamoja na njia zake

Je, 33/120 inakoma? Punguza iwe 11/40; 40 = 2³ × 5; inakoma baada ya nafasi tatu, 0.275.

Geuza 0.2(45) iwe sehemu. Toa 10x kutoka 1,000x: 990x = 243, hivyo x = 27/110.

Tafuta √0.69(4). Toa 100x kutoka 1,000x: 900x = 625, x = 25/36, na kipeuo ni 5/6, yaani 0.8(3).

La mwisho linadai kazi zaidi. Kiwanja cha umbo la mraba kina desimali n za ardhi. Ni kwa n zipi urefu wa upande wake, kwa futi, ni namba wiani? Eneo ni futi za mraba 435.6n. Kwa kuwa 4,356 = 66², eneo ni 66² × n/10, na upande ni 66√(n/10). Kwa hiyo n/10 lazima iwe mraba wa namba wiani. Nusu eka, n = 50, hutoa 66√5, haitoki; ni karibu futi 147.58. Eka nzima hutoa 66√10, karibu futi 208.71, nayo haitoki. Lakini n = 10 hutoa futi 66 kamili, n = 40 hutoa futi 132, na n = 90 hutoa futi 198. Ikiwa n ni namba kamili, zinazofaa ni zile tu zilizo mara kumi ya mraba kamili. Ukiruhusu desimali za ardhi zisizo kamili, zipo nyingine zisizo na idadi: n = 2.5 hutoa futi 33, na n = 22.5 hutoa futi 99.